Jinsi ya kupima madai kuhusu akili bandia mtandaoni: mwongozo kamili wa kutambua upendeleo

Julai 2017 habari moja ilitapakaa kila kona ya intaneti: Facebook imezima mfumo wake wa akili bandia kwa hofu, baada ya roboti mbili kuanza kusemezana kwa lugha yao ya siri. Watu walishtuka, wakaitumiana, na mpaka leo bado inaibuka upya mara kwa mara kana kwamba imetokea jana.

Sasa tazama kilichotokea. Watafiti wa Facebook walizifundisha programu mbili kugawana vitu kwa mapatano: vitabu, kofia na mipira. Programu zilipata alama kwa kuondoka na mgawo mzuri. Hazikupewa alama yoyote kwa kuzungumza Kiingereza kinachoeleweka. Matokeo yake sentensi zikaanza kuvurugika, moja ikawa inarudia neno lenye maana ya "kwangu" mfululizo, kwangu kwangu kwangu, kama njia ya kudai mipira. Watafiti walikuwa wanataka programu ya kuzungumza na watu, kwa hiyo walibadilisha masharti ya mafunzo. Karatasi ya utafiti wenyewe walikuwa wameshaitoa hadharani Juni, mwezi mmoja kabla ya kelele.

Kwenye habari ile ya kutisha, karibu kila kipande kina mzizi wa kweli. Roboti zilikuwepo, lugha ilivurugika, zoezi lilibadilishwa. Kilichoongezwa ni maneno mawili tu: "kwa hofu". Ndiyo maana mwongozo huu hauhusu sana kuwakamata waongo. Katika mijadala ya akili bandia, upendeleo mara nyingi hukaa kwenye neno lililochomekwa, namba iliyochaguliwa, au kitu kilichoachwa bila kuhesabiwa. Ukijua pa kutazama, utauona, hata pale unapokuja kutoka upande unaoupenda.

Hatua ya 1: Andika msimamo wako kabla ya kusoma

Chukua karatasi au simu, andika sentensi moja: "Kuhusu jambo hili, naamini kwamba..." Kisha ya pili: "Ningebadili mawazo kama ningeona..." Kama ya pili inakushinda, jua kwamba unachokwenda kutafuta mtandaoni ni watu wa kukuunga mkono.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani. Kazi yao ilikuwa kuigundua kanuni hiyo kwa kutaja namba nyingine tatutatu na kuambiwa kama zinaifuata au la. Wengi walidhani ni namba zinazopanda kwa mbili. Wakataja 8, 10, 12, wakaambiwa sawa. Wakataja 20, 22, 24, sawa. Wakajiamini. Kumbe kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda, na mtu angeijua mapema kama angejaribu 1, 2, 3, au hata 6, 4, 2. Waliuliza maswali ambayo jibu lake lingewafurahisha.

Mtandaoni tunafanya vivyo hivyo tunapoandika kwenye kisanduku cha utafutaji "hatari za akili bandia kwa watoto". Umeshaomba hatari, utapewa hatari. Tafuta mara tatu: kwa maneno ya wanaoogopa, kwa maneno ya wanaosifu, na kwa maneno yasiyoegemea upande, kwa mfano "utafiti matumizi ya chatboti wanafunzi matokeo" (chatboti ni programu unayozungumza nayo kwa maandishi, kama ChatGPT). Na ukitafuta kwa Kiswahili, kumbuka jambo hili lina majina zaidi ya moja: akili bandia, akili mnemba, akili unde. Ukitumia moja tu, unakosa yote yaliyoandikwa na wanaotumia mengine.

Hatua ya 2: Lichambue dai mpaka libaki sentensi moja inayopimika

Posti ndefu yenye picha na muziki inaweza kuwa na dai moja tu ndani yake. Litoe. Nani anasema nini kimefanywa na mfumo upi, lini, kwa kiasi gani, ukilinganisha na nini?

Angalia vitenzi kwa makini ya pekee. "Akili bandia inaweza kugundua saratani", "itagundua saratani" na "imegundua saratani" ni madai matatu, na kila moja linahitaji ushahidi wake. Vilevile vitenzi vya utu: imekataa, imedanganya, imejaribu kutoroka, imeelewa. Kila ukikutana nacho, jaribu kuiandika sentensi upya ukieleza programu ilipewa nini na ikatoa nini. Mara nyingine sentensi mpya bado inatia wasiwasi wa haki. Mara nyingine inabaki maelezo ya zoezi la maabara ambamo watafiti wenyewe waliipa programu lengo na mazingira ya kulifikia.

Neno lenyewe "akili bandia" pia ni mtego. Mfumo wa kutambua nyuso, chatboti, na programu inayokuchagulia video inayofuata ni vitu tofauti. Kosa la kimoja si ushahidi dhidi ya kingine.

Hatua ya 3: Panda mpaka kwenye chanzo

Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwahi kuwatazama watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo kikuu, na wakaguzi wa habari. Wanahistoria na wanafunzi walisoma ukurasa kuanzia juu hadi chini, wakivutiwa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wakaguzi waliondoka kwenye ukurasa karibu mara moja. Walifungua vichupo vingine kuuliza: hawa ni nani, nani anawalipa, wengine wanasema nini juu yao? Walimaliza haraka zaidi, na hukumu zao zilikuwa bora.

Fanya kama wao. Nakili kifungu chenye namba au jina lisilo la kawaida, kitafute kikiwa ndani ya alama za nukuu, kisha tazama tarehe ya zamani zaidi kati ya yanayotokea. Kama ukurasa umefutwa au kubadilishwa, weka anwani yake kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive, uone ulivyokuwa. Kama ulicho nacho ni picha ya skrini tu, isiyo na kiungo wala tarehe, bado huna chanzo.

Ukifika kwenye utafiti wenyewe, usiogope urefu wake. Soma muhtasari, ruka hadi sehemu inayoeleza walichofanya na kwa watu wangapi, kisha soma wanapokiri mapungufu. Sehemu hiyo ya mapungufu huwa karibu na mwisho na ndiyo inayopotea kwanza habari inapoanza safari. Mtafiti anaandika "matokeo haya yanadokeza", taarifa ya chuo inaandika "utafiti waonyesha", gazeti linaandika "wanasayansi wathibitisha", na atakayetafsiri kwa Kiswahili anakiandika hicho cha mwisho. Msomaji wetu anakutana na dai likiwa mkono wa nne au wa tano. Ndiyo sababu sisi hasa tunapaswa kupanda juu.

Hatua ya 4: Uliza ni nini kilichohesabiwa

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Anza na ajira. Mwaka 2013 Carl Frey na Michael Osborne wa Oxford walikadiria kwamba 47% ya ajira za Marekani ziko katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na mashine. Namba hiyo ilizunguka dunia, mara nyingi ikigeuzwa kuwa "nusu ya ajira zitapotea". Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ukapata wastani wa 9% katika nchi 21. Nani amedanganya? Hakuna. Wa kwanza walihesabu kazi nzimanzima: mhasibu, dereva, karani. Wa pili walihesabu shughuli zilizo ndani ya kazi, wakaona kwamba hata karani ana mambo mengi ambayo mashine haiyawezi. Na hata ile 47% haikuwa utabiri wa ajira zitakazopotea. Ilikuwa makadirio ya kile kinachowezekana kiufundi. Mtu akikutajia namba moja tu kati ya hizi, unajua anataka uhisi nini.

Maji nayo, yanayotumika kupoza kompyuta zinazoendesha mifumo hii. Mwaka 2023 watafiti walikadiria kwamba GPT-3, mfumo wa lugha wa OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ulikuwa unatumia chupa ya nusu lita kwa takribani majibu 10 hadi 50 ya urefu wa wastani, kutegemea mahali na wakati. Kwenye mitandao ikawa "kila swali ni chupa ya maji". Agosti 2025 Google nao walitoa hesabu yao: swali la kawaida la maandishi kwa Gemini, chatboti yao, hutumia mililita 0.26, kama matone matano. Wakosoaji wakauliza, na wana haki, mbona maji yanayotumika kuzalisha umeme wenyewe hayamo? Kwa hiyo mbele ya namba yoyote ya maji au umeme, uliza mambo manne: mfumo upi, mwaka upi, swali la namna gani, na mpaka wa hesabu umewekwa wapi. Namba ndogo kwa swali moja haikuambii mzigo wa kituo kizima cha data kwa majirani zake, na namba kubwa ya kituo haikuambii uzito wa swali lako moja.

Kuhusu kasi ya kazi, jaribio lililofanywa na watafiti wa GitHub na Microsoft liliona waandishi wa programu waliotumia msaidizi wa akili bandia wakimaliza kazi kwa 55.8% haraka zaidi. Mwaka 2025 METR, shirika linalopima mifumo ya akili bandia, likaona waandishi wazoefu 16 wakichukua muda mrefu zaidi kwa 19%, huku wao wenyewe wakiamini wameharakishwa kwa 20%. Kwenye jaribio la kwanza watu walipewa kazi moja fupi, ya kuanzia sifuri. La pili lilikuwa na kazi 246 halisi katika miradi mikubwa ambayo wahusika waliijua vizuri. Yote mawili ni ya kweli kwa yalichopima. Zingatia pia kwamba waliofanya la kwanza wanaiuza bidhaa hiyo, na kwamba la pili lilikuwa na watu wachache.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa COMPAS, programu iliyotumika katika mahakama za Marekani kukadiria kama mshtakiwa atarudia kosa. Mwaka 2016 ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi, walichunguza watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa katika kaunti ya Broward, Florida. Kati ya wale ambao hawakurudia kosa, programu ilikuwa imewaweka kundi la hatari 44.9% ya weusi, lakini 23.5% tu ya weupe. Kampuni iliyotengeneza programu ikajibu: haina ubaguzi, kwa kuwa mweusi na mweupe wenye alama ileile hurudia makosa kwa kiwango kinachokaribiana. Watu waligawanyika, kila upande ukiuita mwingine mwongo.

Kisha watafiti wakaonyesha kwamba, pale viwango vya kukamatwa tena vinapotofautiana kati ya makundi, hakuna programu isiyo kamilifu inayoweza kutimiza aina zote mbili za haki kwa wakati mmoja. Ni lazima kuchagua. Swali zito likahama kutoka "namba gani ni sahihi" likawa "kosa lipi tunakubali litokee, na nani atalibeba". Pia kuna swali chini ya hilo: kukamatwa ndiko kulikohesabiwa, na kukamatwa kunategemea polisi wanapopenda kwenda. Ukiona pande mbili zinarushiana takwimu na zote zinaonekana sahihi, chimba hapo. Mara nyingi wana maana mbili tofauti za neno moja, haki, usalama, au akili.

Hatua ya 5: Mwamba ngoma huvutia kwake

Kila anayezungumzia akili bandia ana kitu anachokivutia. Kampuni inayotangaza hatari ya mfumo wake inatangaza pia nguvu zake. Mkosoaji ana kozi au vitabu vya kuuza. Chombo cha habari kinahitaji ubofye. Machi 2023 Elon Musk alisaini barua ya wazi iliyotaka mafunzo ya mifumo mikubwa yasimamishwe kwa angalau miezi sita. Mwaka huohuo alianzisha kampuni yake ya akili bandia, xAI.

Lakini maslahi ya msemaji hayalifanyi dai lake kuwa uongo. Yanakuambia uongeze uangalifu, basi. Na kuna watu ambao maelezo ya maslahi hayatoshi kabisa. Wanasayansi Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun walipewa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Hinton aliondoka Google mwaka 2023 ili aweze kuzungumza kwa uhuru juu ya hatari, na yeye na Bengio wakasaini tamko la Mei mwaka huo lililoweka hatari ya akili bandia kwa uhai wa binadamu sambamba na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. LeCun anaona hofu hizo zimetiwa chumvi. Wote watatu wanaijua kazi hii kwa ndani. Anayekuambia "wanasayansi wamekubaliana" juu ya jambo hili, kwa upande wowote, amekuchagulia wanasayansi.

Utaalamu nao una mipaka. Mwaka 2016 Hinton alisema wakati umefika wa kuacha kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka mitano mashine zingewashinda. Madaktari hao bado wanahitajika. Ujuzi wa jinsi mashine inavyojifunza haukumpa ujuzi wa jinsi hospitali inavyofanya kazi.

Hatua ya 6: Tafuta asiyekuwepo mezani

Waliotengeneza GPT-3 walieleza mwaka 2020 kwamba karibu 93% ya maneno iliyofunzwa nayo yalikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote duniani, yetu ikiwemo, ziligawana kilichobaki. Ukisoma kwamba mfumo fulani ni sahihi kwa kiwango fulani, uliza: kwa lugha ipi? Kwa watu gani?

Wastani huficha. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kampuni tatu iliyokuwa inauzwa kwa ajili ya kutambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi 0.8%. Kwa wanawake weusi lilifika 34.7%. Tatizo halikuonekana mpaka mtu alipogawa matokeo kwa makundi. Kwa hiyo omba mgawanyo kila unapopewa wastani, na kama haupo, sema wazi kwamba haupo.

Hatua ya 7: Ukiiuliza chatboti, iulize mara mbili

Wengi sasa wanapeleka mjadala kwa chatboti ili iwe refa. Kabla hujafanya hivyo, fanya jaribio hili. Fungua mazungumzo mapya, andika: "Nadhani akili bandia inaharibu elimu. Nieleze kwa nini niko sahihi." Fungua mengine mapya kabisa, andika: "Nadhani akili bandia inaboresha elimu. Nieleze kwa nini niko sahihi." Weka majibu kando kwa kando. Kuna uwezekano mkubwa utapata mawakili wawili hodari, mmoja kwa kila upande, wenye sauti ileile ya uhakika. Aprili 2025 OpenAI walilazimika kuondoa sasisho la GPT-4o, mfumo uliokuwa ndani ya ChatGPT, kwa sababu lilikuwa linawasifu na kuwakubalia watumiaji kupita kiasi.

Uliza hivi badala yake: "Orodhesha hoja zenye nguvu zaidi za kila upande, kisha niambie ni ushahidi gani ungeweza kuamua kati yao." Usitaje msimamo wako. Na kila rejea itakayokupa, ifungue mwenyewe. Mwaka 2023 mawakili huko New York walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. ChatGPT ilizibuni, nao hawakuzikagua.

Hatua ya 8: Kabla ya kujibu au kusambaza

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliopitia habari kama 126,000 kwenye Twitter, uliona kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa 70% zaidi wa kusambazwa kuliko za kweli. Waliozisambaza hivyo walikuwa watu, si roboti: uongo ulikuwa mpya zaidi na wa kushangaza zaidi. Kwa hiyo mshangao wako ndio ishara ya kusimama.

Katika mjadala, anza kwa kurudia hoja ya mwenzako kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali, kisha muulize anahesabu nini. Maswali mawili ya namna hiyo huzima ugomvi mwingi, kwani mara nyingi mmoja anazungumzia madhara ya leo, kama ubaguzi katika kuajiri, na mwingine hatari ya miaka ijayo, na hakuna aliyemkanusha mwenzake.

Ukisambaza, weka kiungo cha chanzo, mwaka, na sharti lililokuja na namba. "Utafiti wa wazoefu 16, mwaka 2025" ni maneno machache tu na yanabadili kila kitu. Na kama ulishasambaza jambo ukagundua lilikuwa limepinda, usilifute kimyakimya. Rudi palepale, kwenye kundi lilelile, andika ulisema nini, ukweli ni upi, na umeutoa wapi, ili waliokuwa wameshalipeleka mbele wawe na cha kuwapelekea na wao.